Seli Zilizonyolewa

Fomu ya majibu ilikuwa na mistari kumi na miwili, na kumi na mmoja ya kwanza haikuwa na neno la kumuumiza mtu. Ni ule wa mwisho tu. Pale, kwa mwandiko mzuri uliolala upande, palikuwa pameandikwa: Haishiki.

Mwenye mwandiko ndiye aliyeileta kwa mkono. Angeweza kuituma kwa kompyuta kama anavyotuma za watu wengine, lakini mtu unayempenda humtumii habari mbaya kwa kubonyeza kitufe halafu ukaenda kunywa chai. Alipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili, akapita friji tatu zinazonguruma ukumbini, akasimama kwenye mlango wa chumba cha Fundi.

Maabara nzima ilimwita Fundi, hata wale waliokuwa na vyeti vikubwa kuliko vyake. Binti aliyeleta fomu naye walimwita Matone, kwa sababu ya jinsi anavyodondosha dawa kwenye mirija, tone baada ya tone, midomo ikihesabu bila sauti. Fundi alikuwa akiitazama ile midomo kwa miezi minne akijidai anaangalia mirija.

"Mbona umekuja na sura ya kwenye msiba?" Fundi aliuliza.

"Soma."

Alisoma. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa utaratibu, kama mtu anayechelewesha kufika nyumbani. Alipofika chini aliiweka fomu mezani.

Niseme kidogo juu ya kazi yao, msomaji asije akadhani hawa wawili walikuwa wanapendana tu bila shughuli.

Seli ya mwili ni kidude kidogo sana. Maelfu yanakaa kwenye kichwa cha pini na nafasi inabaki. Nje, kwenye ngozi yake, kuna vitu vinaitwa vipokezi. Vinapokea habari kutoka nje kama kengele za mlangoni. Mtafiti akitaka kujua seli ipi ina kengele gani, hawezi kuchungulia kwa macho. Anatuma kingamwili. Hiyo ina mikono miwili, na mikono yote miwili inajua kushika aina moja tu ya kipokezi, nyingine zote inazipita kama haizioni. Inapakwa rangi ya kung'aa. Ikishika, seli inawaka ndani ya mashine. Isiposhika, giza.

Zamani kingamwili za namna hiyo zilitoka kwa panya. Panya anachomwa sindano, mwili wake unakasirika na kutengeneza kingamwili, kisha zile seli zake zinafugwa kwenye chupa. Ubaya ni kwamba seli hizo huzeeka na kubadilika tabia. Leo inashika, mwakani imesahau ilichokuwa inashika, kama wanaume fulani ambao sitawataja. Fundi hakutaka hayo. Yeye aliandika maelezo ya kingamwili herufi kwa herufi, akayatia ndani ya seli nyingine zisizo na ubishi, nazo zikaipika kwa kufuata maelezo. Ukiyatunza maandishi, ukaja kuipika tena baada ya miaka kumi, utapata kitu kile kile. Aliandika kumi na tatu zikakataa. Hii ilikuwa ya kumi na nne, na hawakuipa jina jingine zaidi ya hilo: Kumi na Nne. Ilikuwa imemla mwaka mmoja na miezi miwili.

Na kesho yake, Ijumaa saa tisa alasiri, Mkuu wa maabara alikuwa aamue. Ikishika, Fundi anaongezewa mkataba wa miaka mitatu. Isiposhika, watarudi kununua ya panya, na chumba cha Fundi kitawekwa friji ya nne.

"Umepima mara ngapi?" Fundi aliuliza hatimaye.

"Mara tatu."

"Zote tatu giza?"

"Giza totoro. Fundi, mimi ningependa..."

"Usiniambie ungependa nini. Niambie ulichofanya."

Sauti yake ilikuwa kavu. Matone akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa, akakunja mikono kifuani.

"Haya, uliza. Ndiyo kazi yangu kuulizwa."

"Mashine ilikuwa sawa?"

"Sawa. Nilipima na kingamwili nyingine, ile ya kipokezi kingine, seli zikawaka kama taa za harusi. Kwa hiyo mashine nzima, seli nzima, macho yangu mazima. Isiyoshika ni yako."

"Mara tatu zote ulitumia seli zile zile?"

"Zile zile. Nilizitoa Jumanne, nikazigawa kwenye mirija."

"Ulizitoaje kwenye sahani?"

Hapo msomaji ajue: seli hizi hung'ang'ania chini ya sahani kama uji ulioungua. Kuzitoa kuna dawa mbili. Moja ni ya upole, inazibembeleza mpaka zinaachia zenyewe. Nyingine inaitwa tripsini, na hiyo haibembelezi, inakata. Ukiiacha dakika tatu, inakata miguu tu ya seli. Ukiizidisha, inaanza kunyoa kila kilichoota juu ya ngozi.

"Dawa ya upole iliisha Jumatatu," Matone alisema. "Mpya imeingia leo mchana. Nilitumia tripsini, dakika tatu, kama kawaida. Imeandikwa hata kwenye daftari."

"Dakika tatu?"

"Dakika ta..."

Mikono iliyokuwa imekunjwa kifuani ikashuka mapajani.

"Matone."

"Ngoja."

"Dakika ngapi?"

"Ngoja, nimekuambia." Alitoa simu mfukoni, akaitafuta Jumanne kwa kidole gumba. Alipoipata aliiweka mezani, uso wa simu ukielekea juu, kama mtu anayeweka kisu alichokutwa nacho.

Palikuwa pameandikwa: Mama. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Mazungumzo, dakika kumi na nane.

"Niliweka sahani kwenye kabati la joto," alisema polepole, "simu ikalia. Nikatoka nayo ukumbini. Niliporudi nikazitoa, nikazitazama kwenye hadubini, zilikuwa hai, za mviringo, nzuri. Nikaandika dakika tatu. Mkono umezoea kuandika tatu, Fundi. Sijawahi kuandika kitu kingine pale."

"Umezinyoa."

"Nimezinyoa."

"Umenyoa vipokezi vyote halafu ukaniambia mikono yangu haijui kushika!" Fundi alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Chumba kilikuwa kidogo, hatua nne kwenda na nne kurudi, hakikumtosha mtu mwenye hasira. "Na ile nyingine je, iliyowaka?"

"Kipokezi chake ni kigumu, tripsini haikiwezi. Ndiyo maana sikushtuka."

"Dakika kumi na nane. Mama yako alikuwa anasema nini dakika zote hizo?"

Matone alitazama sakafu.

"Alikuwa anakusema wewe."

Sasa, mwanamume mwenye busara angecheka hapo, na hadithi hii ingeishia kwenye ukurasa huu. Lakini Fundi alikuwa hajalala vizuri wiki nzima, na njaa ilikuwa inamuuma.

"Basi ameshinda," alisema. "Mwambie ameshinda. Alitaka niondoke, nimeondoka."

"Nani kasema unaondoka? Nakwenda kwa Mkuu sasa hivi, namwambia."

"Unamwambia nini? Daftari linasema tatu. Maabara nzima inajua tunakaa pamoja saa saba kula. Utafika pale useme, samahani Mkuu, majibu ya mpenzi wangu yalikuwa mabaya, nimekumbuka kwamba nilikosea. Watakuelewaje?"

"Simu inaonyesha."

"Simu inaonyesha umeongea na mama yako. Haionyeshi sahani ilikuwa wapi." Alikaa. "Sitaki kupona kwa namna hiyo. Kila mtu atakayeitumia Kumi na Nne atasema, aah, ile iliyopitishwa na mchumba. Kule mji mwingine kuna maabara imenipa kazi, wananingoja. Lazima niwajibu kesho kabla ofisi hazijafungwa."

"Kule ni siku mbili kwa basi."

"Najua ni siku ngapi."

"Kwa hiyo unanikimbia kwa sababu ya sahani moja ya seli?"

Fundi alichukua fomu akaikunja mara mbili, akamrudishia. Naye Matone akashuka ngazi, akapita friji zote tatu bila kuzisikia.

Nyumbani, mama yake alikuwa kwenye cherehani, pini tano mdomoni, anapindisha ukosi wa shati la shule. Yeye alikuwa mshonaji tangu Matone hajazaliwa, na baba wa Matone alipofariki ni cherehani ile iliyowalisha na kumsomesha binti. Mtoto alikuwa mmoja. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na mazungumzo mengi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mapema?" Alisema hayo bila kudondosha pini hata moja. "Wamewafukuza?"

"Mama, Jumanne tuliongea dakika kumi na nane."

"Tu? Mimi nilidhani nimefupisha."

Matone alikaa kwenye kitanda kidogo kilichojaa vipande vya kitambaa, akaeleza. Alieleza sahani, tripsini, kunyoa, fomu, Ijumaa. Mama aliendelea kushona mpaka aliposikia neno mkataba. Hapo mguu ukasimama juu ya kanyagio.

"Kwa hiyo ile dawa yake haijashindwa."

"Inawezekana haijashindwa. Sijui. Hakuna anayejua, kwa sababu nimeziuliza seli zisizo na kitu cha kushikwa."

"Na nani mwingine anajua kwamba uliziacha?"

"Mimi na Fundi."

Mama akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. "Fundi! Mimi ndiye fundi humu. Shati unaliona, unalivaa. Yeye anashona kitu ambacho hata miwani haikioni, halafu akisema kimeshika, tumwamini." Alipiga kitambaa kwa kiganja kukinyoosha. "Mwanangu, mambo mengine Mungu ndiye anayeyapanga. Simu yangu ililia wakati huo. Sikujua kuna sahani. Mwache mwenzio aende zake akapate kazi yake, nawe ubaki na yako. Usiende kujivua nguo mbele ya bosi wako kwa ajili ya mtu wa mkataba."

"Mama, kwani alikukosea nini?"

"Hajanikosea. Nilimwona mara moja, alinisalimia vizuri, akaniinamia. Kijana mzuri. Nilimpenda hata mimi."

"Sasa?"

"Sasa nini?"

"Dakika kumi na nane unamsema mtu uliyempenda?"

Mama alianza kuzungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, sindano ikapanda ikashuka juu ya kitambaa kisichokuwepo.

"Watu wa mikataba hawakai," alisema. "Mwaka huu hapa, mwaka ujao kule. Atakuoa, atakubeba. Utanipigia simu Jumapili kwa Jumapili, mtandao ukiwa mzuri. Mimi nitashona mashati ya watoto wa watu nikiongea na redio. Hilo ndilo nililokuwa nakuambia Jumanne."

"Hukuniambia hilo. Uliniambia ana masikio makubwa."

"Anayo!"

Walicheka wote wawili, halafu wakaacha kwa pamoja.

"Mama, nisikilize. Akienda, nakwenda naye. Hajaniomba, na leo hata kuniangalia hakutaka, lakini nakuambia wewe kwanza. Nisipofungua mdomo kesho, ataondoka, nami nitafunga mzigo. Nikifungua, labda itashika, na labda atabaki miaka mitatu umbali wa dakika ishirini kwa miguu kutoka hapa ulipokaa."

Mama alilitazama shati, akaligeuza, akaona amepindisha ukosi ndani nje. Akachukua wembe mdogo akaanza kufumua.

"Yaani ni mimi niliyekuwa namfukuza," alisema.

"Hukujua kuna sahani."

"Nisingenyamaza hata ningejua, nijuavyo mdomo wangu." Alikata uzi. "Nenda kaseme. Akibaki, aje nimwone, nitamkaribisha chai. Akiwa anaondoka, asinipotezee maji ya chai."

Ijumaa saa mbili na nusu Matone alikuwa mlangoni kwa Mkuu. Huyu Mkuu alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani, na alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu huku akitazama karatasi nyingine. Safari hii aliiweka karatasi chini.

Matone alisema yote akiwa amesimama. Alianza na kosa, hakuanza na udhuru. Dakika kumi na nane badala ya tatu. Daftari limeandikwa uongo, si kwa kukusudia, lakini ni uongo. Fomu haina thamani. Kisha akaweka simu mezani.

"Na huyu ni mama yako kweli?"

"Ni mama yangu."

"Mliongea nini muda wote huo?"

"Alikuwa ananikataza Fundi."

Mkuu alivua miwani ya usoni, akashusha ya kichwani, akamtazama upya kama vile ile ya kwanza haikuwa imemwonyesha vizuri.

"Unajua kwamba hili la daftari ni kubwa kuliko la sahani?"

"Najua."

"Seli kila mtu anazinyoa. Mimi nilizinyoa mwezi mzima nilipokuwa na umri wako, nikawa naandika kwamba mwili wa binadamu hauna kipokezi hicho. Lakini sikuandika dakika ambazo sikuzihesabu." Aligonga meza kwa kidole. "Na unajua watu watasema umemtungia hadithi mpenzi wako."

"Ndiyo maana sijaomba kupima tena. Apime mtu mwingine. Mimi sitagusa hata kizibo."

"Mtu mwingine gani? Wapimaji wangu wote wanakula meza moja na nyinyi." Mkuu alisimama, akakunja mikono ya koti lake jeupe. "Nitapima mwenyewe. Kamwite huyo Fundi wako. Akae nje."

Walikaa ukumbini, kwenye viti viwili vya plastiki vilivyowekwa pale kwa ajili ya watu wanaoleta mizigo. Kupitia kioo cha mlango walimwona Mkuu akifungua droo moja baada ya nyingine akitafuta pipeti, kifaa cha kudondoshea dawa. Hakuwa ameishika kwa miaka sita. Alitoa sahani mbili za seli ambazo hazijaguswa na mtu. Moja aliitia dawa ya upole. Nyingine aliitia tripsini, akaweka saa, akakaa mbele ya kabati la joto bila kuongea na mtu, dakika kumi na nane kamili.

"Anarudia kosa langu," Matone alinong'ona. "Makusudi."

"Lazima. Kosa lisipojirudia, basi ulisema uongo."

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza Fundi kumwambia tangu jana. Hayakuwa matamu, lakini alikuwa amegeuza goti upande wa Matone.

Mkuu akagawa seli kwenye mirija, akaandika herufi anazozijua yeye tu. Kwenye baadhi ya mirija akatia Kumi na Nne. Kwenye mingine akatia ile ya panya, ya dukani, inayoshika kipokezi hicho hicho. Kwenye mingine akatia isiyoshika kitu chochote, ili ajue giza lenyewe linavyoonekana. Akaiweka yote kwenye barafu, nusu saa.

Nusu saa ni ndefu ukiwa kwenye kiti cha plastiki.

"Hukunituma nikuokoe," Matone alisema. "Nimeelewa. Sikuja kukuokoa. Nilikuja kufuta kitu nilichoandika."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingenirudishia fomu kama mtu anayerudisha shati lililombana."

Fundi alijikuna sikio. Yalikuwa makubwa kweli, tusimfiche. "Nilikasirika kwa sababu nilikuamini," alisema. "Uliposema haishiki, sikusema umekosea. Nilisema basi, haishiki. Mwaka mmoja na miezi miwili niliutupa kwa neno lako moja, maswali niliyokuuliza yalikuwa ya desturi tu. Halafu nikasikia ni simu."

"Sasa umeacha kuniamini?"

"Hapana. Hiyo ndiyo shida yangu." Alitoa simu yake, akamwonyesha. Barua ya kukubali kazi ya mji mwingine ilikuwa imeandikwa yote, salamu na sahihi, imebaki kutumwa. "Niliiandika jana jioni. Nimeifungua mara saba."

Matone aliisoma. "Umesahau nukta hapa."

"Wapi?"

"Hapa. Itume sasa, au unangoja?"

"Nangoja. Ikishika nabaki. Isiposhika nakwenda, siwezi kukaa hapa nikitazama friji ya nne. Wewe... mama yako atafurahi."

"Jana nilimwambia mama ukienda nakwenda nawe."

Fundi aligeuka mzima, kiti kikalia.

"Ulimwambia nani?"

"Mama. Mshonaji. Mwenye simu."

"Kabla ya kuniambia mimi?"

"Wewe ulikuwa umenuna."

Mkono wa Fundi ukatoka mapajani ukasogea, ukapita mpaka wa kiti kimoja ukaingia kiti kingine, ukasimama pale juu ya plastiki. Matone aliutazama kwa muda, kisha akaweka wake juu yake, bila haraka, huku akiendelea kumwangalia Mkuu kupitia kioo. Wakakaa hivyo. Mtu mmoja alipita na ndoo ya barafu, akawaona, akatazama dari.

Saa sita kasoro robo mlango ulifunguliwa. Mkuu alikuwa na tone la rangi kwenye paji la uso na karatasi nne mkononi. Mikono ile miwili iliachana kama ya watoto waliofumaniwa kwenye sukari.

"Ingieni," alisema.

Alizipanga karatasi mezani. Kila moja ilikuwa na mchoro wa vilima. Kilima cha kushoto ni seli za giza, cha kulia ni zinazowaka.

"Hizi mbili ni za tripsini, dakika kumi na nane. Ya dukani, giza. Yako, giza. Kwa hiyo binti hakutunga. Hata ile ya dukani, ambayo kila mtu anaiamini, haikuona kitu." Akasogeza karatasi ya tatu. "Hii ni ya dukani kwenye seli za dawa ya upole. Inawaka. Kilima kimesogea kulia."

Fundi alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Na hii ya nne ni Kumi na Nne."

Kilima kilikuwa kimesogea kulia mpaka karibu kitoke nje ya karatasi. Kilikuwa chembamba na kirefu, seli zote pamoja, hakuna iliyobaki nyuma.

"Inashika," Mkuu alisema. "Inashika kuliko ile tunayonunua. Saa tisa sina haja ya kukaa kikao. Andaa maelezo ya kupika chupa kubwa."

Fundi hakuruka wala hakupiga kelele. Alisema, "Asante, Mkuu," akaitoa simu mfukoni, akaifuta ile barua mbele yao wote wawili, maneno yote na nukta iliyokosekana. Matone aligeukia ile karatasi ya nne, akaitazama tena.

"Bado sijamaliza," Mkuu alisema. "Wewe binti, daftari lako nitalikagua mwenyewe kila Ijumaa kwa miezi sita. Simu itabaki kwenye droo ukiwa na seli mkononi, hata akipiga mama yako. Na kuanzia leo hupimi chochote kinachotoka chumba cha huyu. Kazi yake itapimwa na watu wa maabara ya jirani."

"Sawa, Mkuu."

"Sawa haitoshi. Lazima iandikwe kwa nini." Alivuta fomu mpya, ya kumwondoa mpimaji kwenye kazi, akaigeuzia upande wa Matone na kuweka kalamu juu yake. "Jaza hapo. Uhusiano wako na mtengenezaji. Na safari hii uandike kitu ulichokihesabu."

Kisha akachukua miwani yake yote miwili akaenda kunawa uso.

Matone alishika kalamu. Aliutazama ule mstari mtupu kwa muda mfupi, kama anavyotazama mrija kabla ya kudondosha tone. Kisha akainama akaandika, kwa mwandiko wake mzuri uliolala upande, neno moja.

Fundi aliisoma fomu juu chini kutoka upande wa pili wa meza.

"Mchumba?" alisema. "Mimi sijakuomba."

Matone akamsogezea kalamu.

"Pana nafasi ya kupinga hapo chini," alisema. "Jaza."

Fundi aliichukua ile kalamu. Akaitafuta nafasi ya kupinga, akaipata, akaipiga mstari kutoka mwanzo mpaka mwisho. Chini yake akaweka sahihi.